Siku Tano za Kaskazi: Kutoka Vichaka vya Ngezi hadi Uwanda wa Micheweni

Siku ya kwanza: Wete hadi Konde

Vuli ya safari hii ilitupita kama gari ya Konde iliyojaa: tuliiona kwa mbali, tukaipungia mkono, haikusimama. Oktoba ilikwisha kwa manyunyu ya kulowesha vumbi tu, Novemba ikatupa mvua mbili za maana, kisha kaskazi ikaingia na kukaa. Sasa ni mwisho wa Februari. Ikifika saa tatu asubuhi bati za nyumba zinaanza kualika kwa joto, na ule ukijani uliowafanya Waarabu wa zamani wakaiita Pemba Kisiwa cha Kijani umejificha mabondeni na chini ya mikarafuu.

Kilichonitoa nyumbani ni swali la mwanafunzi. Nasomesha biolojia katika skuli moja ya hapa mjini. Wiki mbili nyuma nilikuwa naeleza mimea na maji, nikasema kwa kujiamini kwamba ukame ukija hufa mwanzo mimea yenye mizizi mifupi. Kijana mmoja wa Micheweni akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu mwembe wa babu umekauka upande mzima, na vile vichaka vya uwandani tulivyovikata kuni mwaka jana vimechipua. Mizizi ya nani mifupi hapo?" Darasa likacheka. Nami nilicheka, lakini la kujibu sikuwa nalo.

Nikaomba ruhusa ya siku tano. Nilichobeba: kamba ya katani, vijiti kumi na sita vilivyochongwa ncha, futi ya fundi, panga, daftari, na Ami. Ami ni mdogo wake baba, kazaliwa Micheweni, na ujana wake wote aliumaliza kwenye matanu ya chokaa. Nilimtaka kwa sababu anaijua miti ya kwenye mawe kuliko kitabu chochote nilichonacho. Yeye alikuja kwa sababu, kwa maneno yake, nyumbani kumejaa wajukuu.

"Unakwenda kuhesabu majani?" aliniuliza garini.

"Naam, Ami. Yaliyo hai na yaliyokufa."

"Ukiyamaliza ya serikali, uje uyahesabu na ya kwangu."

Gari nzima ikamsikia. Kabla hatujafika Konde nilikuwa nimeshapewa jina, Mwalimu Majani, na naona litanifuata hadi skuli. Tumelala kwa jamaa, tukala muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Zaidi ya hayo, siku ya leo haina la kuandika.

Siku ya pili: Ngezi

Tumeondoka na baskeli mbili za kuazima baada ya sala ya alfajiri. Kutoka Konde hadi lango la msitu si mbali, lakini baskeli ya Ami ilikuwa na breki moja na moyo nusu, hivyo tulifika jua limeshatoka.

Msitu wa Ngezi ni hekta kama elfu moja na mia nne na ushei, kaskazini magharibi ya kisiwa, na umehifadhiwa tangu 1959. Kabla ya hapo miti yake mikubwa ilikatwa sana kwa mbao. Ukiingia, joto linakatika ghafla kama mtu kafunga mlango nyuma yako. Mipapindi, ile minazi myembamba yenye shina la pete ambayo asili yake ni Pemba, imesimama kivulini. Ardhi ina unyevu hata leo. Mabondeni mna mitomondo, na mahali pengine maji yametuama kama vile hakuna aliyewaambia kwamba vuli haikuja. Mlinzi wa msitu, kijana mpole mwenye buti zilizotoboka, alituongoza mbele. Juu yetu popo wa Pemba, wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa mwekundu, walikuwa wakigombania nafasi za kulala. Watu wengi huja kuwatazama hao. Sisi tuliwapita.

Tulichokifuata kilikuwa mbele, pale msitu unapokwisha bila ya kuaga. Hatua kumi tu: nyuma yako miti ya kukuinamisha shingo, mbele yako mwanga mkali, mchanga mweupe na vichaka vya kufika kiunoni, vingine kifuani, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, kama kanzu ya kijani iliyofuliwa mara nyingi. Mgeni atadhani ni shamba lililotelekezwa. Hata Ami, aliyezaliwa kisiwa hiki, aliuliza: "Hapa walikata nani?"

"Hapakukatwa, mzee," mlinzi alisema. "Ndivyo palivyo."

Hivi ni vichaka vya erika. Wataalamu wa mimea wanakiita Erica mafiensis, kwa jina la kisiwa cha Mafia. Vitabu vya zamani vinakiandika Philippia mafiensis, kabla ukoo ule haujaunganishwa na Erica. Jamaa zake wamejazana Afrika Kusini, ambako eneo la Cape peke yake lina aina zaidi ya mia sita, na wengine wako juu Kilimanjaro, pale msitu unapoanza kupisha baridi. Huyu wetu amechagua kukaa karibu na bahari, kwenye mchanga ambao mti mwingine wowote ungeukataa.

Nilipiga magoti nikavuta tawi karibu na macho. Jani moja halifiki urefu wa punje ya mchele. Limekazwa kama sindano, na kingo zake zimekunjwa kwa chini hadi karibu zikutane, mfano wa ukili unaokunjwa na msukaji. Ndani ya mkunjo huo, upande usiopigwa na jua wala upepo, ndimo yalimo matundu ya jani ya kupumulia. Yaani mti huu unapumua ndani ya mfereji uliofunikwa, mvuke ukitaka kutoka unachelewa njiani. Nilimpa Ami alisugue kidoleni. Alisema ni kama kusugua ndevu za mtu aliyenyoa juzi, na sina maelezo bora ya hayo. Maua nayo ni madogo, hayana rangi ya kumwita nyuki. Nionavyo, mshenga wake ni upepo.

Kisha nikachimba. Kwa mkono tu, maana mchanga haukuwa na ubishi: mweupe, mkavu, hadi kiwikoni. Nikamimina nusu chupa ya maji ndani ya shimo. Nilihesabu kimoyomoyo, sikufika kumi, maji yakawa hayapo. Hapo nikaelewa kitu nilichokuwa nakisomesha miaka yote bila ya kukiona. Pemba hupata zaidi ya milimita elfu moja na mia tano za mvua kwa mwaka, hatuko jangwani. Lakini mvua ikinyesha juu ya mchanga kama huu inapita mbio, na kila mara inapopita inaosha chakula cha mimea na kukipeleka chini. Karne kwa karne, kilichobaki ni mchanga mtupu wenye uchachu. Kwa hiyo mmea wa hapa una njaa kila siku, na kiu hata mwaka wa mvua nzuri, siku chache za jua zikifuatana. Erika huishi hapo kwa kusaidiwa na kuvu wanaokaa ndani ya vijizizi vyake vyembamba kama unywele, wanaochambua mabaki ya majani na kumpatia naitrojeni. Vijizizi hivyo viko juu juu, kwenye tabaka jembamba lenye weusi. Ukame ukikausha tabaka hilo, mmea unakosa maji na mpishi kwa pamoja.

Tukapiga mraba wa kwanza: vijiti vinne, kamba kuzunguka, mita tano kila upande. Ami alishika kamba, mlinzi akataja, mimi nikaandika. Mraba wa pili tukauweka ukingoni mwa njia, pale wapita njia wanapokata vijitawi. Wa tatu tukauweka ndani zaidi.

Nilitarajia kwamba vilivyokauka vitakuwa vidogo, watoto wasio na nguvu. Sivyo. Vingi vilivyokuwa vyekundu-kahawia, vinavyovunjika ukivigusa, vilikuwa vile virefu vya zamani, vyenye shina gumu lililopinda na kichwa kipana. Vifupi vya katikati, vyenye matawi mengi mapya, vimekunjamana tu lakini ukikwaruza gome kwa ukucha unaona kijani. Sisemi kwamba miraba mitatu ni ushahidi wa mahakamani. Nasema ndicho nilichokiona, na kwamba kilinifanya nifute mstari mmoja kwenye noti zangu za darasani. Kichaka kikongwe kina majani mengi ya kunyweshwa na mbao nyingi zisizofanya kazi. Kiu ikija, ana familia kubwa kuliko kipato.

Mlinzi alikuwa na hofu nyingine. Alivunja kitawi kikavu, akakipinda mpaka kikalia kama kibiriti. "Ukame wenyewe, mwalimu, tunauvumilia. Ila warina asali wanaingia na mwenge. Hiki kikishika, hakuna wa kukizima." Erika ikikauka huwaka vibaya, matawi membamba, hewa katikati, na majani makavu yaliyorundikana chini. Watu wa Kilimanjaro wanalijua hili kuliko sisi. Kule juu, misitu ya erika imeteketea mara kwa mara tangu miaka ya sabini, hali ya hewa ikizidi kukauka, hata mpaka wa juu wa msitu umeshuka mlimani. Moto wa Oktoba 2020 peke yake ulipita eneo la zaidi ya kilomita za mraba tisini. Na erika za kule zilikuwa na kazi ya kukamata maji ya ukungu kwa ajili ya watu wa chini. Zikipotea, hasara inafika bombani.

Ami hakusema kitu kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba zamani wazee walikuwa na sehemu zao za tambiko ndani ya Ngezi, na hapakuwa na mtu wa kuthubutu kuingia pale na panga wala moto. "Mzimu hauhitaji buti," alisema, akiziangalia buti za mlinzi. Mlinzi alicheka kuliko sote.

Usiku, Konde, nimekaa barazani na simu nikisoma habari za vichaka vya pwani za watu wengine. Iliyoniganda ni ya Norwe. Kule pwani yote ya magharibi ina vichaka vya jamaa ya erika, na kwa maelfu ya miaka wafugaji wamevitunza kwa kondoo na kwa moto mdogo wa zamu: kipande hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, ili daima kuwe na kichaka kichanga cha kulisha. Kizazi hiki wengi wameacha. Vichaka vikazeeka, vikawa mbao tupu. Baridi ya 2013 kuingia 2014 ikaja bila ya theluji wala mvua, ardhi ikaganda, upepo mkavu ukapiga. Ardhi iliyoganda haina maji ya kunyweka, kwa hiyo mimea ikafa kwa kiu katikati ya barafu. Na mwisho wa Januari 2014 moto ukaanza Flatanger, ukala majengo zaidi ya hamsini, mwezi ambao mtu wa huko hafikirii moto wa porini hata kidogo.

Nimemsomea Ami. Kasema: "Kumbe kiu haichagui dini." Akaenda kulala. Mimi nimekaa nikiwaza kwamba wale Wanorwe walihifadhi kwa kuchoma, na sisi tunahifadhi kwa kuzima, na huenda sote tuna haki, kwa sababu kichaka chao kililelewa na wafugaji na chetu kimelelewa na mchanga. Dawa ya jirani si lazima iwe dawa yako. Moto wa zamu wa Norwe huwashwa ardhi ikiwa mbichi na watu wamesimama kuuzunguka. Wetu huwashwa Februari na mtu mmoja mwenye haraka.

Siku ya tatu: Vumawimbi

Leo nilitaka kuona ukingo wa upande wa bahari. Mchanga wa Vumawimbi ni wa kupofusha macho saa sita. Tumetembea kwa nyuma ya ufuo, kwenye mikadi na mivinje, tukirudi ndani kidogo.

Jambo moja tu la leo linastahili wino. Nyuma ya ufuo tulikuta ng'ombe watatu wamefungwa kamba, kila mmoja na kigingi chake, kama tufanyavyo Pemba nzima. Ukimtazama ng'ombe aliyefungwa kwa siku nyingi unaona duara: nyasi zimeliwa sawasawa hadi mwisho wa kamba, kama fundi kapiga bikari, na nje ya duara nyasi ndefu kavu za kufika gotini. Ndani ya duara moja kulikuwa na vichaka viwili vimesimama salama, kwa kuwa ng'ombe hakuvitaka. Nje ya duara, hatua chache, palikuwa na alama ya moto wa karibuni: majivu, vishina vyeusi. Moto ulikuja na nyasi ndefu, ukafika kwenye duara, ukakosa cha kula, ukageuka.

Nimezoea kusikia kwamba mifugo ni adui wa mimea. Leo nimeona kwato zimevunja vichaka karibu na kigingi, kweli, lakini pia nimeona ng'ombe kazima moto bila ya kujua. Tatizo la ng'ombe ni muda. Akikaa mahali pamoja mwezi mzima, duara linakuwa kiwanja. Akihamishwa kila siku chache, linakuwa kinga. Nilimwambia mwenye ng'ombe hivyo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha.

Siku ya nne: Micheweni na Kiuyu

Tumevuka kisiwa. Kutoka magharibi kuja mashariki ya Pemba ni kama kubadilisha nchi: vilima na mikarafuu vinaisha, ardhi inalala, na mawe yanatoka nje kama mifupa. Huku ni uwanda. Ardhi yenyewe ni jiwe la matumbawe ya kale, limejaa matundu na ncha za kukata kiatu. Hakuna mto. Mvua ikinyesha, inaingia kwenye nyufa na kupotea. Udongo uko kwenye vishimo tu, mahali pengine ujazo wa kikombe cha kahawa, na watu wanalima humohumo: mtama, uwele, kunde, mbaazi, muhogo, wakitia mbegu kwa mtaimbo badala ya jembe.

Ami amebadilika leo. Jana alikuwa akiburuta miguu mchangani. Leo alikuwa mbele yangu, akiruka jiwe kwa jiwe na makubadhi, akitaja kila kichaka kabla sijauliza. Mdaa. Mkwamba. Mjoma. Mlapaa, huu mgumu, kuni zake haziishi haraka. Mchofu, kula tunda lake likiwa limeiva. Nikiandika jina anasimama kuhakikisha nimeandika sawa, ingawa hajui kusoma herufi zangu.

Tulikuta tanu la zamani, limebaki duara la mawe meupe na magugu. Akakaa juu yake. Alinieleza namna walivyopanga magogo kwa mzunguko, mabichi chini na makavu katikati, kisha matumbawe juu, na moto ukawaka usiku kucha hadi jiwe likawa chokaa. "Tanu moja lilikuwa linakula kichaka cha eneo kama la uwanja wa mpira," alisema. Sikumuuliza kama anajuta, na yeye hakusema. Alisema tu kwamba walikuwa wanarudi mahali pale pale baada ya miaka mingi na kukuta kichaka kimerudi, mnene, hata mtu akipotea ndani. "Siku hizi hawasubiri. Wanarudi kabla mti haujajua kwamba umekatwa."

Hapo ndipo jibu la mwanafunzi wangu lilipo, na nilikuwa nimekaa juu yake. Nilikata kando ya kishina cha mlapaa kilichofyekwa mwaka jana, nikafuata mzizi kwa kisu mpaka ukanishinda: umeingia kwenye ufa wa jiwe, mnene kama kidole gumba, ukashuka gizani. Juu ya kishina kulikuwa na chipukizi, nyembamba, majani machache mabichi ya kung'aa. Mzizi wa miaka kumi na tano, majani ya mwaka mmoja. Huyo ni mzee tajiri aliyebaki na mtoto mmoja wa kulisha. Mwembe wa babu una kichwa kikubwa kama nyumba, kila jani linadai maji, na chini ya jiwe hakuna pa kutosha. Kwa hiyo mti uliokatwa unavuka ukame, na mkubwa uliosimama unakauka nusu. Kijana wa Micheweni aliona sawa.

Lakini aliona nusu ya hadithi. Kila chipukizi limetolewa kwenye akiba ya mzizi. Ukikata tena kabla majani hayajairudisha, akiba inapungua. Ukikata mara ya tatu, mzizi unatoa vijiti kama spoku za baskeli. Na kama uliyemkata umemchoma pia, kwa kurundika matawi juu ya vishina na kutia moto ili upate majivu ya kulima mtama, joto linaingia kwenye kishimo cha udongo na kuunguza ule mboji mwembamba ambao ndio sponji pekee ya maji hapa. Mavuno ya mwaka wa kwanza yanakuwa mazuri kwa sababu ya majivu. Kisha upepo wa kaskazi unayazoa, jiwe linabaki. Halafu wanakuja mbuzi. Tulipita mahali ambapo kila chipukizi lilikuwa limekatwa urefu mmoja, urefu wa mdomo wa mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.

Alasiri tukasogea hadi ukingo wa msitu wa hifadhi wa Ras Kiuyu. Hapa ndipo ningelileta darasa lote kama ningekuwa na gari. Jiwe ni lilelile. Mvua ni ileile, na chumvi ya bahari inapiga pande zote mbili. Upande wa kushoto wa kinjia, vichaka vya kufika kiunoni, vyenye vumbi, nafasi za mawe matupu katikati. Upande wa kulia, miti imefungana, na chini yake majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka. Nilitia mkono chini ya majani: baridi, na udongo unashikana ukiufinya. Majani ya juu yalikuwa yamelegea na kujikunja, msitu nao unaisikia kiu, usidhani. Lakini unaisikia ukiwa umekaa kivulini na maji kidogo chini ya godoro.

Vijiji vingi vya Unguja na Pemba sasa vina makubaliano na idara ya misitu, chini ya sheria ya misitu ya 1996, ya kusimamia wenyewe vichaka vyao: hapa tusikate, hapa tukate kwa zamu. Ni jambo jema, na naliunga mkono. Ila mtu mwenye njaa ya leo hawezi kuahirisha chungu chake hadi zamu ya mwaka wa kumi. Tungi la gesi kwa mtu wa huku bado ni kitu cha kuangalia dukani. Yeyote anayetaka kichaka kipumzike lazima aseme chungu kitachemshwa na nini wakati huo.

Tukaweka mraba wa mwisho uwandani, jua likizama, ili asubuhi tuhesabu kwa utulivu. Tukaacha vijiti na kamba palepale, tukaenda kulala kwa binamu yake Ami.

Siku ya tano: Uwandani, asubuhi

Kamba ipo. Vijiti havipo.

Tulizunguka tukitafuta, Ami akiwashuku mbuzi, nami nikimshuku upepo, mpaka tukaona moshi mwembamba nyuma ya ukuta wa mawe. Bibi mmoja alikuwa anapika uji kwa wajukuu, mafiga matatu, na kando yake mzigo wa kuni uliofungwa kwa ukindu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni uji."

Nilivitambua vijiti vyangu kwa ncha zilizochongwa. Vilikuwa juu ya mzigo, vitatu. Nikamweleza kwa adabu kwamba vile vilikuwa vya kazi, vya kupimia. Akashika mdomo. Alidhani ni vya mtu kavisahau, vikavu, vizuri, vimelala chini kwenye umande, na yeye, alisema, hapendi kukata kibichi kama kikavu kipo. Akanionesha mzigo wake. Kweli, hapakuwa na kibichi hata kimoja. Vyote ni matawi yaliyokufa kwa ukame huu, yaliyovunjwa kwa mkono. Ami alimwuliza anakata wapi siku ambazo kikavu hakuna. Akasema anakata juu ya goti, chipukizi lisifikiwe na mbuzi, na mahali alipokata harudi mpaka asahau alipita lini.

Ami akanitazama. "Andika," akasema.

Nimeandika. Kisha nikauliza kijiti cha nne. Bibi akakielekeza kwa upawa: kilikuwa chini ya chungu, nusu yake imeshakuwa majivu. Tumekunywa uji, tukarudi uwandani na vijiti vitatu, na kona ya nne nimeitia jiwe.